Vidole Viwili

"Una kilo ngapi?" Fundi Jefwa aliniuliza.
Nikajipunguzia sita.
Hakunibishia. Akaniambia nipande, nikae nilivyozoea,
na sanduku la chanjo mgongoni vilevile,
kisha akapiga goti mchangani, nyuma ya soko la Malindi,
na utepe wa cherehani wa mkewe,
akapima kutoka ekseli hadi shingoni.
"Chuma hakidanganyiki, dada,"
akasema, akaandika tarakimu ukutani kwa mkaa.

Pikipiki hii ilikuwa ya baba, bwana shamba wa Marafa.
Yamaha DT, ya mwaka nilioota jino la kwanza.
Uzeeni imezidisha adabu:
nikigusa breki, inasujudu,
nikikuta tuta, inapiga chafya,
nikishuka korongo, tunatangulia kichwa, mimi na yeye.
Mwezi wa Machi pekee
zilivunjika chupa kumi na mbili za chanjo ya kideri.
Na kideri hakingoji mtu. Kuku wa Mama Dama
asubuhi walisinzia wima,
jioni ni manyoya.

Nikauza redio.
Hela ikaenda Mombasa kwa basi, ikarudi
springi mbili ndani ya gunia la sukari.

Jefwa akaipandisha juu ya kreti la soda,
akachomoa miguu ya mbele mmoja mmoja
kama anayemvua mzee buti.
Oili ikatoka nyeusi, nyepesi kama maji,
inanuka dagaa waliosahauliwa mfukoni mwa koti.
Sikujua hata kwamba mle mna oili.
Miaka yote nimeitilia petroli tangini tu,
nikidhani shibe ni ya tumbo.

Zikafuata springi za zamani.
Akailaza moja kando ya kijiti chake cha kipimo.
Imepungua vidole viwili.
"Mzee wako alikuwa mnene?"
Hapana, nikasema. Alikuwa akibeba miche.
Michungwa, mikorosho ya mizizi iliyofungwa kwa magunia mabichi,
na usiku mmoja alimbeba mama, na Mbodze tumboni,
hadi hospitali, mvua ikinyesha, taa imekufa.
Jefwa akavitazama vile vidole viwili vya hewa
vilivyokuwa kati ya chuma na ncha ya kijiti,
akaifuta springi kwa kitambaa safi,
kitu ambacho hakikuhitajika.

Oili mpya, nzito, aliipima kwa chupa ya kunyonyea,
jicho usawa wa mstari, tone baada ya tone,
na mwenye chupa analia mlangoni.
"Ngoja, baba, mwenzako naye ananyonya."
Akakata bomba la maji, vipande viwili sawasawa,
akavishindilia juu ya springi, akakaza vifuniko.
"Na hivi," akasema bila kuinua uso,
"ni vya kubeba zile kilo sita."

Nikaondoka. Kwenye tuta la Kisumu Ndogo
nikashika breki, na mwili wangu wote ukainama,
viwiko vimekaza, meno yamebana,
tayari kwa sijda ya miaka yote ile.
Pikipiki haikusujudu.
Nilisujudu peke yangu,
kama maamuma aliyemtangulia imamu,
mchana kweupe, katikati ya barabara,
hata mzee wa mkokoteni wa maji
akadhani namwamkia, akaitika:
"Marahaba!"

Chupa sasa zinafika Marafa nzima.
Mikono yangu ndiyo bado haijaamini;
kila tuta inangoja kuangushwa.

Springi moja nilimwachia Jefwa, yeye hatupi kitu.
Ya pili mama ameitundika bandani.
Jioni anaigonga kwa kijiko, kuku wanakuja mbio
wakikanyagana kwa tamaa.
Ina mlio mrefu kuliko nilivyodhani,
unaendelea kutetemeka kijiko kikishaondoka.
Mama hasemi kitu.
Anasubiri inyamaze kabisa,
ndipo amwage mtama.